Mizani haioni sufuria

Dada yangu aliyehamia Marekani ana mizani ya bafuni inayotuma kilo zake kwenye simu. Zikipungua anashangilia. Siye huku kambini, siku ya kupima watoto, tunaomba ziongezeke.

Mtoto wa jirani alipopimwa mkono, utepe ulisoma chini ya sentimita 11.5: nyekundu. Akapewa pakiti za lishe, lakini kilo hazikupanda. Mama alikuwa anawagawia na wale wakubwa. "Sasa ningewafukuza nje?" aliniuliza.

Ni kosa? Ndiyo. Pakiti ile ni dawa, na mgonjwa akikosa dozi anaweza kufa. Lakini kosa si la mama peke yake. Mizani inajua kilo, haijui sufuria tupu. Anayesoma namba aulize na hilo, kabla ya kulaumu.