Ukingo

Kijana wangu wa kazi alipotoka hospitali akiwa na jicho moja, familia yake ilileta mbuzi kanisani kumshukuru Mungu. Kanisa letu ni la mbao, juu ya kilima, huku Masisi, mashariki mwa Kongo. Watu waliimba kwa furaha ya kweli. Mimi, mzee wa kanisa na fundi wa kijana huyo, nilishindwa kusema amina.

Nilijua kilichotokea. Tulikuwa tunakata nondo kwa meleze, ile mashini ya mkononi ya kukatia chuma, tukitumia jenereta ya kukodi. Diski ndogo ziliisha, zikabaki za milimita 180. Hizo haziingii kwenye meleze ya milimita 115 mpaka uondoe kile kibati kinachofunika nusu ya diski. Nikalegeza skrubu, nikakitupa ndani ya kopo la misumari. Diski ile imeandikwa isizidi mizunguko 8,500 kwa dakika; meleze ndogo huzunguka kama 11,000. Namba niliiona. Miwani ya kazi hatukuwa nayo. Mvua ilikuwa inakuja, petroli inaisha. Diski ikapasuka mikononi mwake.

Kwetu, kusema "Mungu ndiye amepanga" hakukutokana na uvivu. Tangu mauaji ya soko la Ntoto, kule Walikale, Machi 1993, tumezika watu ambao kosa lao lilikuwa kwenda sokoni tu. Mkulima angefanya nini asipigwe risasi? Neno lile limetusitiri miaka yote hiyo, na mama anayelishikilia sitamlaumu kamwe. Lakini tumelizoea mno, hata tunalipeleka pasipo pake. Diski ilikuwa na kipimo chake, kimechapwa juu yake, na aliyekivuka ni mimi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mna sheria ya sisi wajenzi. Mapaa ya Waisraeli yalikuwa bapa, watu wakikaa juu. Basi mwenye kujenga aliamriwa azungushie ukingo, la sivyo damu ya atakayeanguka ingekuwa juu ya nyumba yake. Nimeisoma mara nyingi tangu siku ile. Haiulizi kama siku ya yule mtu ilikuwa imefika, wala kama aliomba asubuhi. Inamuuliza mjenzi.

Kesho yake baada ya ile ibada ya shukrani, nilikwenda kwa baba wa kijana.

"Fundi," akaniambia, "Mungu hakutaka kumchukua."

"Papa, aliyelegeza skrubu si Mungu. Ni mimi."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kile kibati kinaitwaje. Nikakosa jina. Meleze, perseze, tronsoneze: mashini zilitufikia na majina yake, lakini kibati kile hakuna aliyewahi kutufundisha kukitaja, na siku ile hakuna aliyekiulizia kilipokuwa kwenye kopo la misumari.

Sasa ninakiita ukingo. Anayekuja kujifunza kwangu hagusi kibonyezo kabla ya kukionyesha kwa kidole na kukitaja. Yule kijana ndiye anayewauliza.