Nani Aliyemkosoa Mpishi?

Kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ukishaupita mwamba wa Kit Mikayi na kufika Kombewa, vibanda vinavyouza samaki havina haja ya kujieleza. Mteja anaingia, ananawa mikono, anaagiza, anakula. Hakuna anayeuliza mpishi ni wa kabila gani. Swali hilo huzaliwa mbali na Ziwa Victoria, Nairobi au ng'ambo kabisa. Huko ndiko utamsikia mtu akiisifu hoteli kwa kusema, "Aliye jikoni ni Mjaluo kabisa," na mwingine akiisukuma sahani kabla ya kuionja, kwa kuwa amesikia aliyeipika anatoka Nyeri au Machakos.

Swali lenyewe si la kipuuzi, wala sitaki kulifukuza kwa jibu la haraka kwamba chakula ni chakula. Kuna samaki aliyepikwa na kuna samaki aliyeharibiwa, na mara nyingi tofauti hiyo hufuata malezi ya watu. Aliyekulia ufukweni hujua kwa kugusa tu kama omena wameanikwa juu ya nyavu au mchangani, na kama ni mchangani atawaosha tena na tena. Anajua pia kwamba mboga chungu kama osuga na akeyo hazimalizwi siku moja. Huchemshwa, hutiwa maziwa, hulazwa chunguni, na kesho yake huongezwa maziwa mengine na kupashwa moto polepole mpaka uchungu wake ulegee. Anayekisia kwamba mpishi Mluo ana nafasi kubwa zaidi ya kuyajua haya hajakosea hesabu. Anakosea pale anapodhani kwamba kabila ndilo lililompa mpishi ujuzi huo.

Kabila halimfundishi mtu kupika. Anayemfundisha ni mtu mwingine, aliyesimama nyuma yake na kumwambia: hapo umeharibu, rudia.

Ushahidi wa hilo uko ndani ya nyumba za Waluo wenyewe. Kwa desturi yao, mwanamume haoi katika ukoo wake. Mke lazima atoke kwingine, na mara nyingi huitwa kwa jina la kwao: Nyagem, Nyasakwa, Nyauyoma. Maana yake ni kwamba, kwa vizazi na vizazi, wanawake wengi waliopika chakula kinachoitwa cha Seme, eneo lenye Kombewa, hawakuzaliwa Seme. Walifika wakiwa wageni, wakaanza kupika kwenye jiko la mama mkwe, na wakapata jiko lao wenyewe baadaye tu. Chakula cha nyumbani, kile ambacho mwana wa Kombewa aliye Nairobi hukililia kuliko vyote, kimepikwa tangu zamani na mikono iliyotoka mahali pengine.

Hebu twende hatua moja mbele. Chukua msichana aliyezaliwa Bunyore, kule juu baada ya Maseno, akaolewa Kombewa. Ndoa za namna hiyo ni za kawaida kwenye mpaka huu, ambako soko la Luanda huwakutanisha Waluo na Waluhya. Siku za mwanzo ametia samaki kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, na mkono wake unaufuata mwiko. "Mwanangu, samaki hakorogwi," anaambiwa. Kisha anaonyeshwa: ishike sufuria kwa kitambaa pande zote mbili, iinamishe, izungushe kidogo mchuzi umfunike samaki, irudishe motoni. Ukikoroga, nyama itaachana na mfupa, na mgeni ataletewa vipande badala ya samaki mzima mwenye kichwa na mkia. Siku nyingine anakosolewa kwa chumvi. Siku nyingine ni ugali: haujaiva, urudishe motoni. Baada ya miaka 20, yeye ndiye anayemwambia mke wa mwanawe auweke mwiko chini. Ni katika mwaka upi samaki wake alianza kuwa halisi? Anayeshikilia kigezo cha damu atalazimika kujibu kwamba hakuwa halisi hata mara moja, na jibu hilo litawashangaza wote waliolelewa kwa chakula chake.

Mfano mwingine uko mjini Kisumu. Reli ilifika pale mwaka 1901, na pamoja nayo wakaja wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga maduka na nyumba zao. Katika nyumba nyingi za Wahindi na za Wazungu wakati wa ukoloni, aliyekuwa jikoni alikuwa mwanamume Mwafrika. Kwa Wahindi alikanda unga, akasukuma chapati, akapika dengu, na familia ikala bila kushuku, kwa sababu mwenye nyumba alisimama pale pale akionja na kusahihisha. Leo chapati inapikwa kila kibanda kutoka Kombewa hadi Kondele, na sijasikia mteja akidai kwanza aone kama mpishi ni Mgujarati. Imekuwa yetu kwa sababu sasa sisi wenyewe tunaweza kuikosoa: hii ngumu, hii haijakandwa ikalala, hii imenyimwa mafuta.

Hapo ndipo ninapouona uhalisi wa chakula. Chakula ni halisi kinapopikwa chini ya macho ya watu wanaokijua kiasi cha kukikataa, na mpishi akawa tayari kuwasikiliza. Asili ya mpishi ni dokezo tu kwamba huenda watu hao walikuwepo maishani mwake.

Ndiyo maana dokezo hilo huwa na uzito mkubwa zaidi kwa mlaji anayejua kidogo. Mwezi Septemba mwaka 2016, Mark Zuckerberg alipofika Nairobi, alikula ugali na samaki katika mkahawa wa Mama Oliech, mama yake Dennis Oliech, aliyekuwa nyota wa timu ya soka ya taifa, Harambee Stars. Alichagua vizuri. Lakini mgeni wa siku ya kwanza hana njia ya kujua kwa ulimi wake kama samaki huyo yuko sawasawa. Hulitegemea jina lililo mlangoni na sifa alizopewa, na jina la Kiluo humwahidi kile ambacho kinywa chake hakiwezi kukithibitisha. Mzee wa Seme akiketi meza hiyo hiyo hahitaji ahadi yoyote. Tonge la kwanza linamtosha.

Kuna atakayenipinga akisema kwamba kujua mpishi ni nani hubadilisha ladha yenyewe, na kwamba kula si kazi ya ulimi peke yake. Nakubali. Aliye mbali na kwao akiletewa sahani na mwanamke anayemsalimu kwa Kiluo, na kumwita kwa jina la nyumbani, hupata kitu kisichomo sufuriani, na kitu hicho ni cha kweli. Lakini hicho ni ukaribisho. Tukikichanganya na ujuzi wa kupika, tutamdhulumu yule wa Bunyore, na tutamsamehe Mluo asiyejua kupika.

Halafu kuna chakula chenyewe, ambacho hakina nasaba safi tunayomdai mpishi. Mahindi asili yake ni Amerika, na kuenea kwake Nyanza ni jambo la enzi za ukoloni. Kabla ya hapo ugali ulikuwa wa mtama na wimbi. Samaki aitwaye mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akazidi sana miaka ya 1980, na akawala samaki wadogo wa fulu mpaka aina nyingi zikatoweka. Viwanda vya kukata minofu ya mbuta vilipojengwa Kisumu ili kuwauzia Wazungu wa ng'ambo, wenyeji waliachiwa mifupa yenye kichwa na mabaki ya nyama. Wanawake wa mtaa wa Obunga wakaichukua, wakaikaanga kwenye karai kubwa mpaka ikawa kavu na nyekundu, na watu wakaiita mgongo wazi. Sioni chakula kilicho cha Kisumu kuliko hicho. Nakitaja kwa uchungu pia, kwa kuwa kilizaliwa pale minofu ilipopanda ndege na mwenye ziwa akabakiziwa mfupa.

Uchungu huo ndio unaonifanya nisiwadharau wanaouliza kabila la mpishi. Mara nyingi wanauliza jambo jingine: faida inakwenda kwa nani? Mwanamke wa ufuko wa Asat au Kaloka anayejua kulaza osuga kwa maziwa hapati kitu pale hoteli kubwa ya Nairobi inapoiuza mboga hiyo kwa bei ya nyama na kuiita ya kienyeji. Hiyo ni dhuluma. Hata hivyo haiponywi kwa kumwajiri kijana mmoja wa Kiluo ili asimame mlangoni na kofia ya mpishi. Sura yake itauza, mama wa Asat atabaki pale pale.

Tena nchini mwetu si salama kulifanya kabila kuwa cheti cha kazi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kuna watu waliochomewa maduka yao Kisumu kwa sababu ya kabila, na wengine wenye asili ya Nyanza walifukuzwa mahali pengine kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akisema fulani hafai kuuza samaki kwa kuwa ni Mkikuyu, au kwamba Mluo hawezi kupika biriani ya kuaminika, simhesabu kuwa mchochezi. Lakini anatumia kipimo ambacho tumekwisha kuona kinavyoweza kutumika.

Nacho kinadanganya pande zote mbili. Kwa miaka mingi sasa soko la Kisumu limeuza samaki waliogandishwa kutoka mabwawa ya China, kiasi kwamba mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizungumza hadharani kuhusu kuwazuia. Mama Mluo anayemkaanga samaki wa namna hiyo ametimiza kila sharti la kabila. Kijiti, karai, lugha, jina, vyote ni vya ziwani isipokuwa samaki. Simlaumu, maana samaki wa ziwa wamepungua na bei yao imepanda. Nauliza tu ni kwa nini mlaji aliyemkagua mpishi ukoo wake hakumkagua samaki. Mwanamke wa Bunyore, akimnunua ngege mtumbwini asubuhi, angeulizwa maswali yote mawili.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwangu ni kwamba wakosoaji wanapungua. Kijana wa Kiluo aliyelelewa Nairobi, asiyewahi kurudishiwa sufuria na bibi yake, hana cha kurithi isipokuwa jina. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya uhifadhi, na kazi hiyo ya kuandika na kufundisha inastahili heshima. Ila maandishi hayawezi kuonja. Chuo cha Utalii kimefundisha wapishi Nairobi tangu mwaka 1975. Siku kitakapomtahini mwanafunzi kwa osuga au samaki wa mchuzi, kiwalete wanawake watatu kutoka Asat na Kombewa, mmoja wao awe yule aliyezaliwa Bunyore, kiwalipe kama wanavyolipwa wakufunzi, na kiwape mamlaka ya kumfelisha yeyote atakayekoroga samaki.