Kanisa Linamsemea Nani Mbele ya Mtawala?

Hapa Mazimbu, ndani ya Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yapo makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni. Waliikimbia serikali ya ubaguzi wa rangi, ambayo watawala wake walikuwa waumini. Walitaja Warumi 13 kudai utii, na kanisa kubwa la Makaburu likautetea ubaguzi huo kwa Maandiko. Je, utii kwa mtawala unakoma wapi?

Swali hili ni la kale. Mwaka 1164 Mfalme Henry II wa Uingereza alitaka makasisi wenye makosa ya jinai waadhibiwe kama raia wengine. Askofu Mkuu Thomas Becket alikataa. Tarehe 29 Desemba 1170 wapiganaji wanne wa mfalme walimuua ndani ya kanisa kuu la Canterbury. Alikufa kwa ujasiri. Lakini tukiri kwamba sehemu ya alichokitetea ilikuwa nafuu ya makasisi wenyewe.

Sasa tumtazame jirani yetu. Februari 1977 nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda ilipekuliwa na askari. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Idi Amin barua. Walilalamikia upekuzi huo, lakini hawakuishia hapo: walitaja pia mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Yesu alipoulizwa juu ya kodi (Mathayo 22), aliuliza sarafu ina sura ya nani. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi tulipe kodi, tutii sheria, tuwaombee viongozi. Lakini mwanadamu ana sura ya Mungu (Mwanzo 1:27). Huyo si mali ya Kaisari.

Wapendwa, kiwanja cha kanisa kikivamiwa, sote hupaza sauti. Mjane akinyang'anywa shamba na mwenye cheo aliyetuchangia kwenye harambee, je, tutasema? Kupokea mchango si dhambi. Lakini ukitufunga mdomo, hatukupokea sadaka; tumemuuza mjane.

Kabla ya kusema kwamba kanisa linaonewa, tujiulize kwanza: ni nani mwingine anayeonewa, ambaye hatujamsemea?