Hadithi ya Kutisha Irudipo Mara ya Pili

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo twaona lampasa kulifikiri kila mwenye watoto nyumbani mwake. Hadithi ya kutisha, ikiisha kusimuliwa na kusahauliwa, kisha ikarudi mara ya pili, je, ina faida yo yote, au ni hasara tupu?

Hapa Mtoni, kando ya bahari, limesimama gofu la jumba la Sayyid Said, ambamo Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844. Moto uliliharibu mwaka 1914. Kuta zisizo na dari na giza la magharibi huvuta hadithi za majini kama asali ivutavyo sisimizi. Lakini hofu ya gofu ina mpaka wake. Asiyeitaka hupita njia nyingine, hufika kwake, hufunga mlango, akalala.

Hadithi ya Popobawa haikuwa hivyo. Yasimuliwa kwamba ilisikika kwanza Pemba mwaka 1965, baada ya Mapinduzi. Ikanyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1995 ikarudi, ikavuka kutoka Pemba hata Unguja, ikafika Dar es Salaam. Na mwaka 2007 ikasikika huko Dar es Salaam tena. Watu walinena habari za pepo aingiaye chumbani usiku, akamkandamiza aliyelala na kumtenda mambo ya aibu. Hapo mlango uliofungwa haukufaa kitu, maana hofu ilikuwa ndani ya nyumba.

Tuanze na nguvu za hadithi hiyo ya pili. Kwanza, haikuhitaji maneno mengi: wazee walikwisha kulisikia jina, na kulitaja tu kulitosha. Pili, iliwakusanya watu. Mwaka 1995 jamaa na majirani walitoka vyumbani, wakalala nje pamoja, wakiwasha moto na kukesha. Tatu, ilimfungua kinywa mwenye kuteswa. Mtu akipatwa na jinamizi, akili yake huamka na mwili ungali umelala. Hawezi kujongea wala kupiga kelele, naye huhisi uzito kifuani. Wengi huona haya kusimulia jambo kama hilo. Mwaka ule walisimulia, nao walisikilizwa. Hilo si jambo dogo.

Sasa tutazame udhaifu wake. Aliyekwisha kutishwa mara moja hatishwi tena kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo kila msimulizi huongeza kidogo, na kweli huzidi kuwa mbali. Tena hadithi ya kwanza huridhika na kivuli, bali ya pili hutafuta uso wa mtu. Mwaka 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wako waliosema kwamba pepo ametumwa na watu wa upande mwingine. Mwaka huo huo, hapa Unguja, mtu mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Kivuli hakina shingo ya kukamatwa. Mgeni na mgonjwa wanayo.

Methali yasema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Popobawa hakukamatwa, lakini mauti yalikuja kweli.

Liko jambo moja zaidi. Walisema kwamba pepo huyo humwamuru aliyemtesa awasimulie wengine, asiposimulia atarudishiwa mateso. Fikirini, ndugu: hadithi yenyewe yaamuru irudiwe! Pepo wa namna hiyo hana mabawa ila vinywa vyetu.

Basi, je, tunyamaze? La. Mwenye kulemewa usiku akikatazwa kusema, huteswa mara mbili. Lakini yatupasa kupambanua maswali mawili. Swali la kwanza ni, Nini kimenipata? Hilo huleta faraja, na pengine tabibu. Swali la pili ni, Nani amenitenda haya? Hilo, likiulizwa gizani na watu wenye hofu, hutafuta fimbo na mawe. Amri ikatazayo kumshuhudia jirani uongo haikuyaacha nje masimulizi ya usiku.

Kwa hiyo jirani akija alfajiri akitetemeka, na akaribishwe, apewe chai, asikilizwe hata mwisho. Lakini akianza kutaja jina la mtu, hapo na azuiwe kwa upole, wala jina lile lisivuke kizingiti cha nyumba.