Kripto na Maskini: Anayetetea Wanyonge Asimame Wapi?



Leo tuongee kripto. Msikimbie, sina "fursa" ya kumuuzia mtu. Bei itapanda lini, inunuliwe sarafu ipi, hayo mtandaoni yana wasemaji tele. Mimi nataka tuliulize kama swali la dhamiri: mtu anayesema yuko upande wa wanyonge, anayetaka mageuzi na haki katika uchumi, je, azipokee sarafu hizi kwa mikono miwili au azikatae?

Swali hili linawaka zaidi Marekani, na huko limewagawa hata watu wa kambi moja. Tuanzie huko.

Hasira moja, njia mbili

Bitcoin ilizaliwa katikati ya msukosuko wa fedha wa 2008. Mwezi Oktoba mwaka ule, mtu (au watu) aliyejiita Satoshi Nakamoto alitoa andiko la kurasa 9 akieleza jinsi watu wanavyoweza kutumiana fedha bila benki katikati. Tarehe 3 Januari 2009 mfumo ukaanza, na ndani ya rekodi yake ya kwanza kabisa kiliwekwa kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku ile, kuhusu serikali kujiandaa kuziokoa benki kwa mara ya pili. Ujumbe ulieleweka: wakubwa wamecheza kamari, wamepoteza, na mlipa kodi ndiye anayelipa.

Sasa angalia. Hasira hiyo ni ileile iliyowatoa vijana wa New York kwenda kupiga kambi karibu na Wall Street mnamo Septemba 2011. Lakini njia zikaachana. Wengine walisema: benki zibanwe kwa sheria kali, serikali isimame na mnyonge. Wengine wakasema: serikali hiyohiyo ndiyo iliyoziokoa benki, basi tutengeneze fedha isiyomhitaji yeyote kati yao. Ndiyo maana Bitcoin imewekewa kikomo cha milioni 21. Hakuna waziri wala gavana anayeweza kuagiza ziongezwe.

Leo hii mgawanyiko huo umeingia bungeni. Ndani ya chama cha Democratic, Seneta Elizabeth Warren anaziona sarafu hizi kuwa mlango wa utapeli na fedha haramu, wakati Ritchie Torres, mbunge wa Bronx, moja ya sehemu maskini za New York, anaziona kuwa njia ya watu wake kukwepa gharama za mabenki. Sheria ya sarafu zinazofungwa na dola ilipopigiwa kura katika Seneti mwaka 2025, ilipita kwa kura 68 dhidi ya 30, na maseneta 18 wa Democratic waliiunga mkono. Upande wa pili, Donald Trump mwaka 2021 aliiponda Bitcoin hadharani, halafu Julai 2024 akasimama kwenye mkutano wake kule Nashville akishangiliwa, na siku tatu kabla ya kuapishwa Januari 2025 akatoa sarafu yenye jina lake mwenyewe.

Na fedha imesema kwa sauti. Kamati ya kampeni iitwayo Fairshake, inayochangiwa na makampuni ya kripto, ilitumia takribani dola milioni 10 kumpinga Katie Porter katika kinyang'anyiro cha useneta California mwaka 2024, na takribani dola milioni 40 Ohio, ambako Sherrod Brown, mkosoaji wao mkubwa, alishindwa. Chombo kilichozaliwa ili kuwapunguzia matajiri nguvu, sasa nacho kina matajiri wake wanaonunua matangazo ya uchaguzi.

Hoja ya wanaoikumbatia

Ila tusiwe wepesi wa kuhukumu. Hoja yao ina uzito.

Oktoba 2020 vijana wa Nigeria waliingia barabarani kupinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS. Kundi la wanawake liitwalo Feminist Coalition lilikuwa linakusanya michango ya chakula, matibabu na mawakili wa waliokamatwa. Njia zao za benki zikafungwa. Wakahamia Bitcoin, na michango ikaendelea kuingia. Ungemwambia nini dada yule? Kwamba chombo alichoshika ni cha wacheza kamari?

Lakini subiri. Februari 2022 madereva wa malori wa Canada waliokuwa wakipinga masharti ya chanjo nao walifungiwa akaunti, nao wakakimbilia Bitcoin. Wengi waliowashangilia Wanigeria waliwakasirikia Wakanada, na kinyume chake. Hapo mtu ajipime: anatetea haki ya kila mtu kutonyang'anywa riziki bila hukumu, au anatetea watu wa upande wake tu?

Ongeza na suala la wanaotuma fedha nyumbani. Wastani wa gharama ya kutuma fedha kati ya nchi na nchi duniani ni takribani asilimia 6. Ukimtumia mama yako dola 100, takribani dola 6 zinabaki njiani. Anayehangaika kutafuta njia ya kuipunguza gharama hiyo anafanya jambo jema.

Hoja ya wanaoikataa

Mei 2022 sarafu iliyoahidi kwamba kila moja itabaki sawa na dola 1, ya mradi wa Terra, iliporomoka pamoja na dada yake Luna. Takribani dola bilioni 40 ziliyeyuka ndani ya siku chache. Watu walikuwa wameahidiwa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Novemba mwaka huohuo soko la FTX likafilisika, na takribani dola bilioni 8 za wateja hazikuonekana. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alikuwa mmoja wa wachangiaji wakubwa wa Democratic, akijitambulisha kama mtu anayetafuta utajiri ili augawe. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Wateja walikuja kulipwa kupitia mahakama, lakini kwa bei za siku ya kuanguka, si bei za siku waliyolipwa.

Hapa ndipo ninapoona ufa. Kripto ilijengwa juu ya ahadi kwamba hutahitaji kumwamini mtu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kweli daftari la Bitcoin ni gumu mno kulighushi. Lakini mtu wa kawaida hawezi kulinda ufunguo wake wa siri peke yake, anaogopa kuupoteza, kwa hiyo anampa mtu amtunzie. Na huyo mtu hamjui. Imani haikuondolewa. Ilihamishwa kutoka kwa benki inayoweza kushitakiwa kwenda kwa kijana aliyeko Bahamas. Daftari litakuonyesha kwamba fedha imeondoka na dakika iliyoondoka, ila halijui kama aliyekuibia ametenda dhambi, wala halirudishi.

El Salvador na Virunga

Nchi ya Mtakatifu Oscar Romero ilijaribu kwa nguvu. Tangu 7 Septemba 2021, El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali, na sheria ikamtaka mfanyabiashara aipokee mteja akiitoa. Serikali ikampa kila raia aliyejiandikisha kwenye programu yake zawadi ya dola 30. Wengi walitumia ile zawadi, basi, wakaachana nayo. Watu waliandamana. Januari 2025, baada ya makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ikabadilishwa na kupokea kukawa hiari. Jambo lililotangazwa kwa jina la maskini, lakini maskini wenyewe hawakuulizwa.

Linganisha na Virunga, kule Kivu Kaskazini. Hifadhi hiyo ilipoteza watalii kwa sababu ya vita na baadaye Uviko. Ilikuwa na umeme wa maji kule Luviro ambao nyaya zake zilikuwa hazijawafikia wanunuzi. Tangu 2020 ikaweka mashine za kuchimba Bitcoin ndani ya makontena, na mapato yakasaidia kulipa askari wa wanyamapori. Mtu anaweza kubishana kuhusu uamuzi ule, kwa sababu uchimbaji wa Bitcoin unakula umeme mwingi kama wa nchi nzima. Ila pale chombo kilikuwa chini ya kazi fulani, na mwenye kazi anajulikana jina, Emmanuel de Merode, unaweza kumuuliza.

Kanisa limewahi kupita hapa

Mwaka 1462, mjini Perugia, Wafransisko walisimamia kuanzishwa kwa nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani, wasije wakanyongwa na wakopeshaji. Walitoza kidogo ili kulipia gharama. Watawa wengine, hasa Wadominiko, wakapinga: hiyo ni riba! Ugomvi ulidumu miongo. Mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano, chini ya Papa Leo X, ukazikubali nyumba hizo. Ukisoma ugomvi ule unaona kilichoziokoa: ziliwekwa kwa ajili ya maskini, kiasi kilitosha gharama tu, na kulikuwa na wasimamizi wa kuwajibika. Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupa maneno ya kulipima jambo kama hili hadi leo: mafao ya wengi, mshikamano, na kanuni ya auni, yaani mkubwa asimnyang'anye mdogo anachoweza kukifanya mwenyewe.

Kikundi chetu cha vijana parokiani kina mfuko wa kukopeshana. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipendekeza nusu ya akiba iingizwe kwenye kripto. Tulibishana jioni mbili. Nilimpinga, na sababu yangu haikuwa kwamba Benki Kuu ilishatangaza mwaka 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Nilisema: humu kuna akiba ya dada anayekaanga maandazi kabla ya alfajiri. Ikishuka nusu, nani atakwenda kumweleza? Mama wa mwenzetu alipolazwa usiku, tulimgongea mhazini mlango akatoa fedha palepale. Tunamjua kwao. Aliyependekeza aliumia kidogo, ila tulikubaliana atumie fedha yake, si ya wote.

Basi msimamo wangu ni huu. Mtetezi wa wanyonge asiifanye kripto kuwa imani yake, maana haina huruma ndani yake. Wala asimcheke anayeihitaji, kama yule dada wa Nigeria, maana shida yake ni ya kweli. Apiganie sheria inayolinda akiba ya mdogo, gharama ndogo za kutuma fedha, na akaunti zisifungwe bila hukumu. Chombo kitakachosaidia hayo akitumie. Kisichosaidia akiache, hata kama kinasifiwa na chama chake.

Tafakari wiki hii: ikiporomoka, nani ataumia kwanza? Na je, yumo kwenye chumba ambamo uamuzi unafanyika?

Karibuni kwenye maoni, tubishane kwa upendo.