Zahidi, Rindi na Kizingiti cha Mpenzi

Washairi wa diwani, yaani mashairi ya watu wa kasri na madrasa, katika dola ya Uthmania walirithi wahusika wao kutoka kwa Waajemi, wakakaa nao kwa karne kadhaa: mwenye ashiki, mpenzi, mshindani, zahidi na tasbihi yake, na yule waliyemwita rindi, mtu wa moyo huru asiyeshughulishwa na maneno ya watu. Kila mmoja ana makao yake. Zahidi utamkuta msikitini au hujrani. Rindi yumo katika nyumba ya mvinyo. Mpenzi hutembea bustanini kwenye waridi na bulbuli. Mwenye ashiki amelala vumbini mlangoni kwa mpenzi, au amekimbilia jangwani kama Majnuni, yule aliyepagawa kwa mapenzi ya Leyla. Ukishajua mtu yuko wapi, umeshamjua ni nani.

Uzuri wa ghazali zao, mashairi mafupi ya mapenzi, ni kwamba zimepindua daraja za watu. Pa chini ndipo penye heshima. Vumbi la kizingiti cha mpenzi hupakwa machoni badala ya wanja. Gofu hupendwa kuliko kasri, maana hazina hufichwa magofuni, na moyo uliobomoka ndio unaodhaniwa kuwa na kitu ndani yake. Zahidi, aliyezoea kukaa mbele, ndiye anayesutwa. Ibada yake haina kosa. Kosa liko katika hesabu zake. Anaswali huku akiidai pepo kama kibarua anayengoja ujira, na akishatoa salamu anaanza kuwapima wenzake. Rindi hana anachodai. Mvinyo wake mara nyingi ni fumbo la kumpenda Mungu, mara nyingine ni mvinyo kweli, na washairi wengi hawakutaka kutuamulia.

Mtu angeweza kudhani kwamba haya ni maneno ya walevi waliogombana na mashekhe. Lakini Yahya, mmoja wa washairi hao, alikuwa Sheikh ul-Islam, mwanachuoni wa juu kabisa wa dola, tena mara 3, na mauti yalimkuta kwenye kiti hicho mwaka 1644. Mtu huyo aliyetoa fatwa kwa masultani alitunga ghazali za kuisifu nyumba ya mvinyo na kuwaumbua wanafiki wa msikitini, mpaka wahubiri wakali wa zama zake wakamshutumu. Mimi naamini alikijua vyema kishawishi cha kiti kile kwa kuwa alikikalia mwenyewe. Anayeukosoa uzahidi kutoka ndani yake anastahili kusikilizwa kuliko anayeucheka akiwa mbali.

Hata hivyo kuna jambo linalonikera katika ramani hii. Mpenzi wa diwani ana sura ya mtawala: kope zake ni mishale, nywele zake minyororo, anaua kwa kutupa jicho, na anayeuawa anashukuru. Lugha iyo hiyo ndiyo iliyotumika kumsifu sultani. Sultani Süleyman mwenyewe, kwa jina la kishairi la Muhibbî, alitunga ghazali zaidi ya 2,000, na ndani yake analala vumbini kama mwenye ashiki yeyote. Alikuwa na uhuru wa kuinuka beti zinapokwisha.

Mshairi Fuzûlî hakuwa na uhuru huo. Aliishi na kufa Iraq, na Süleyman alipoingia Baghdad mwaka 1534 alimpelekea kasida za sifa. Akaandikiwa posho ya akche 9, sarafu ndogo za fedha, kwa siku kutoka katika ziada ya mali ya wakfu. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akiitunga masnavi yake, shairi refu la kisa, ya Leyla na Mecnun, yaani Majnuni, ambamo Majnuni amelichagua jangwa mpaka anapofuatwa na Leyla mwenyewe hamhitaji tena, kwa kuwa mapenzi yake yameshavuka umbo la mtu. Huo ndio upeo wa heshima ya aliye pembezoni.

Ila posho haikulipwa. Fuzûlî alisimama mlangoni kwa maofisa wa wakfu, mlango wa mbao, si wa shairi, na hati ya sultani mkononi, akarudi mikono mitupu. Mtu aliyesifu kizingiti kuliko wengi hakukibusu kizingiti hicho. Aliandika barua kwa mkuu wa muhuri wa sultani, barua ya nathari iliyojaa makali, akieleza rushwa na dharau aliyoikuta. Barua hiyo inajulikana hadi leo kwa jina la Şikâyetname, yaani barua ya malalamiko.

Naiheshimu barua hiyo sawa na ghazali zake. Sheikh na sultani walikwenda vumbini kwa hiari, na kwa Yahya hiari hiyo ilikuwa adabu ya nafsi. Fuzûlî aliwekwa vumbini na watu wenye ufunguo wa hazina, naye akakataa kuwashukuru. Anayetaka kuzisoma ghazali za Fuzûlî na aisome na barua yake, asije akadhani kwamba washairi hawa walitufundisha kuvumilia kila mlango uliofungwa.