Hodi Isiyokoma

Mwaka 1991, watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kupanda na kushuka ngazi kisha kukuta birika la kahawa li tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaliwekea birika hilo kamera, kila mmoja apate kulitazama akiwa mezani pake. Picha ilikuwa ndogo, isiyo na rangi, na ilibadilika mara tatu hivi kwa dakika. Ilitosha, kwa kuwa birika hujaa polepole.

Kisa hicho kidogo kinabeba swali zito: anayetaka habari ana haki ya kuuliza mara ngapi?

Ukurasa wa tovuti, kwa asili yake, haujui kungoja kuitwa. Kivinjari huuliza, seva hujibu, basi. Seva haianzi kusema. Kwa hiyo ukurasa unaotaka kwenda na wakati hupangiwa muda: kila baada ya sekunde 5, au 30, hurudi mlangoni na kuuliza kama kuna jipya. Mara nyingi hakuna, na swali hurudiwa vilevile.

Waswahili wanaujua mlango huo. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huenda zake. Adabu hiyo humlinda aliye ndani, ambaye pengine anauguza, au hana la kusema. Mgeni mmoja si mzigo. Lakini wageni elfu kumi wakibisha kila sekunde, mwenye nyumba hawezi kumfungulia hata mmoja. Hakuna aliyekosa peke yake, na bado wote wamekosa. Ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa uangalifu, ikikuta seva imeelemewa, hungoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, kabla ya kubisha tena.

Yaweza kujibiwa kwamba hoja hii imepitwa na wakati. Tangu itifaki ya WebSocket iliposanifishwa mwaka 2011, mlango waweza kuachwa wazi, na seva ikasema yenyewe inapokuwa na neno. Ni kweli, mzigo wa mwenyeji umepungua. Wa mgeni haukupungua.

Wakenya walipiga kura tarehe 9 Agosti 2022, na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 15. Katika siku hizo, fomu za matokeo kutoka vituoni, ambavyo vilizidi 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, wazi kwa wote. Mkenya aliyeko London au Doha aliweza kuufungua upya ukurasa huo usiku kucha, asiharakishe mkono wa karani hata mmoja. Hata hivyo, kumwita mtu huyo msumbufu ni kumdhulumu. Fomu inayotazamwa na wengi ni vigumu kubadilishwa gizani. Hodi yake ilikuwa ulinzi pia.

Basi kosa haliko katika kurudia swali. Liko pale mtu anapouliza ili kutuliza hofu, kisha akadhani ameuliza ili ajue. Anayelinda husoma jibu. Mwenye hofu hubonyeza tena kabla hajalisoma. Muda kati ya swali na swali upimwe kwa mwendo wa kinachosubiriwa, si kwa mapigo ya moyo wa anayesubiri. Na ukurasa nao una wajibu: uandike saa ya jibu la mwisho, kwa maana kinachoonekana kati ya hodi mbili kimekwisha kuwa cha jana.